Wimbo wa Mtu Anayeogopa: Black Sabbath Ukisikilizwa Mwanza

Albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Black Sabbath ilitoka Uingereza Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970, na kitu cha kwanza kinachosikika humo si gitaa wala sauti ya mtu. Ni mvua. Inanyesha taratibu, radi inanguruma, kengele ya kanisa inalia kwa mbali, na kwa takriban nusu dakika hakuna ala inayoguswa. Kisha gitaa, besi na drams vinaingia kwa mpigo mmoja, kwa nguvu zote, na noti tatu tu.

Wimbo huo unaitwa Black Sabbath, jina lilelile la albamu na la bendi. Tangu mwimbaji wao Ozzy Osbourne afariki tarehe 22 Julai 2025, jina hilo limerudi midomoni mwa watu, na pamoja nalo imerudi hukumu ya siku zote: muziki wa shetani. Wengine hawafiki hata huko. Wanasema ni kelele tu, zima, weka kitu cha maana. Nataka kuutetea wimbo huu, na nautetea kwa msikilizaji wa Mwanza hasa. Naamini sikio lililolelewa na kwaya, dansi na ngoma za Kisukuma lina kila kitu linachohitaji ili kuuelewa. Na naamini kwamba wanaouhukumu wamekosea jambo moja kubwa: wimbo huu haumsifu yule wa kutisha. Umesimama upande wa anayetishwa, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tuanze na mvua yenyewe. Msikilizaji wa mbali anaweza kuichukua kama pambo la filamu za kutisha. Kando ya Ziwa Victoria haiwezi kuwa pambo. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujikusanya juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, upepo kutoka pande zote hushuka kuelekea ziwani, hukutana huko na kupanda juu. Ndiyo maana radi kubwa za ziwa hili huja usiku, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Mtu wa Kirumba au wa Ukerewe akisikia ngurumo saa nane za usiku hafikirii filamu. Anafikiria nani hajarudi. Na kengele nayo ina uzito wake katika mji uliozika watu wengi kwa pamoja pale Igoma, baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996.

Kwa hiyo ni haki kabisa mtu akiuliza: hofu ya kweli tunayo ya kutosha, ya nini kwenda kuitafuta kwenye muziki? Ni swali zito, na jibu langu limo ndani ya wimbo wenyewe, katika jinsi ulivyojengwa.

Bendi ilirekodi albamu nzima London, Oktoba 1969, kwa siku moja, wakipiga pamoja chumbani karibu sawa na walivyokuwa wakipiga ukumbini. Prodyuza alikuwa Rodger Bain. Mvua, radi na kengele viliongezwa baadaye. Hapo ndipo ninapoona akili ya mtu anayejua maana ya wimbo wa kufungulia. Bila sauti hizo, albamu ingeanza kwa kishindo, na kishindo cha ghafla humshtua mtu kwa sekunde moja tu kisha anazoea. Kwa sauti hizo, msikilizaji anapewa kwanza mahali pa kuwa. Yuko nje, ni usiku, kunanyesha, kuna kanisa mahali fulani lakini haliko karibu. Akiisha kusimama hapo, ndipo zile noti tatu zinamkuta.

Mwalimu yeyote wa kwaya anayefundisha kwa solfa anaweza kuzipata noti hizo bila gitaa. Imba do ya chini. Ruka hadi do ya juu. Sasa shuka, lakini usitue kwenye so, ambako sikio linataka kupumzika, wala usifike fa. Tua katikati yao, kwenye fa iliyopandishwa nusu, na ukae hapo. Noti hiyo iko katikati kabisa ya njia kati ya do na do, nusu toni sita kutoka juu na nusu toni sita kutoka chini, na kwa sababu hiyo haiegemei upande wowote. Wanakwaya wanaujua umbali huo, maana ndio uleule uliopo kati ya fa na ti. Sauti ya tatu ikipewa kuuruka, nusu yao watapotea, na mwalimu atawarudisha kwenye mstari huo mpaka giza liingie.

Watu wamezusha mengi juu ya umbali huo wa noti. Inasimuliwa kwamba Kanisa la kale liliupiga marufuku kwa kuwa ni wa shetani. Ni kweli waalimu wa muziki wa Ulaya walikuja kuuita kwa jina la shetani, lakini hakuna ushahidi wa marufuku yoyote; walikuwa wakitahadharisha juu ya kitu kigumu kuimba na kisichotulia. Kutotulia ndiko kunakofanya kazi hapa. Mpiga gitaa Tony Iommi hapigi noti ile ya tatu na kuiacha ife. Kidole chake kinaugonga waya upesi upesi, noti inatetemeka, na sikio linabaki linangoja itue. Haitui. Inarudi do ya chini, na safari inaanza upya. Kwa zaidi ya dakika nne wimbo unamnyima msikilizaji kutua kwenye ile so aliyoizoea, na humo ndimo woga unamozaliwa. Hakuna uchawi wowote, ni hesabu ya muziki iliyopigwa na mtu mwenye subira.

Subira hiyo inanigusa zaidi nikikumbuka mikono iliyokuwa ikipiga. Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha mabati Birmingham, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ulioumia ndio ule unaobonyeza waya. Msimamizi wake kiwandani alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, ambaye moto ulikuwa umemharibu mkono na bado akawa bingwa wa gitaa kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya kuvaa kwenye ncha za vidole, akatafuta nyaya nyembamba zisizomuumiza, akarudi kupiga. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwaga noti ovyo. Kila noti anailipia. Ninaposikia jinsi anavyoiacha kila moja iishi mpaka mwisho wake, nasikia mtu aliyewahi kunyang'anywa gitaa na maisha kisha akalidai tena.

Wenzake nao walitoka mtaa uleule wa Aston, wenye viwanda na nyumba zilizobanana, vijana waliozaliwa miaka ya 1948 na 1949 katika mji ambao ulikuwa umepigwa mabomu vitani. Geezer Butler, mpiga besi, ameeleza kwamba alikuwa akijipigia sehemu ya Mars, muziki wa mtunzi Mwingereza Gustav Holst, na kutoka hapo ndipo Iommi alipopata wazo la noti zile tatu. Mars nayo inatumia umbali uleule usiotulia.

Turudi ndani ya wimbo. Baada ya kishindo cha kwanza, bendi inafanya jambo ambalo bendi nyingi za roki zisingethubutu: inanyamaza. Gitaa linashuka mpaka linakuwa mnong'ono, noti zilezile tatu zikiendelea chini kwa chini, na Ozzy anaanza kuimba akiwa karibu peke yake. Sikiliza drams za Bill Ward katika sehemu hiyo. Anagusa ngoma kubwa kidogo, anakaa, anabiringisha kidogo, anakaa tena. Aliyewahi kucheza bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya majembe, anajua ngoma inapofanya kazi yake kamili: mdundo haumwachi mtu, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na uchovu wa shamba unagawanywa kwa wote. Ward anafanya kinyume chake kwa makusudi. Anaondoa mdundo wa kushikilia. Mwimbaji hana wenzake wa kupanda na kushuka nao, na msikilizaji pia hana. Upweke huo umetengenezwa na mpiga drams, na sidhani kama anapewa sifa anayostahili.

Na sasa maneno. Mtu anaona umbo jeusi limesimama mbele yake. Linamnyooshea kidole. Anageuka akimbie, na hapohapo anatambua kwamba aliyechaguliwa ni yeye. Ubeti wa kwanza umekwisha, gitaa linarudi kwa nguvu zote, na anachotoa mwimbaji ni kilio tu. Hakuna maelezo ya umbo hilo ni nani, limetoka wapi wala linataka nini. Ni kidole tu, na mtu aliyenyooshewa.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kukisikiliza kidole hicho kwa makini kuliko wengi. Tunajua, kwa aibu, hofu inafanya nini inapotafuta wa kumlaumu. Vikongwe wameuawa vijijini kwetu kwa kuwa macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia wa miaka yote waliyotulisha. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Katika mambo hayo yote kulikuwa na watu wenye hofu au tamaa, na kulikuwa na kidole kilichonyooshwa kwa mwingine, asiye na nguvu, akiwa peke yake. Wimbo huu unatuweka mahali ambapo hadithi za kutisha za kawaida hazituweki, yaani upande wa yule aliyenyooshewa. Hauniambii nimwogope jirani. Unanifanya nihisi, kwa dakika sita na kidogo, ilivyo kuchaguliwa bila kosa na kutoona pa kukimbilia. Muziki unaoweza kumfanya mtu ahisi hivyo nauheshimu, hata kama unasikika kama usiku mbaya.

Ndiyo maana nauona ubeti wa pili kuwa dhaifu kuliko wa kwanza. Umbo linapewa macho ya moto, shetani anatajwa kwa jina, ameketi anatabasamu, anatazama miali ikipanda. Tumeshaiona picha hiyo kwenye mahubiri na kwenye michoro ya ukutani. Kitu kisicho na jina kinatisha kuliko kilichopewa jina, na hapa waandishi, ambao walikuwa vijana wadogo, hawakuiamini vya kutosha nguvu ya walichokuwa nacho tayari. Lakini ubeti huo unaokolewa na mwisho wake, ambapo mwimbaji anamlilia Mungu amsaidie. Sala hiyo imo ndani ya wimbo, wazi, kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Anayesema huu ni wimbo wa kumtukuza shetani aeleze kwanza sala hiyo inafanya nini pale. Nimekaa na waumini wazuri, watu wa kwaya na wa maombi ya usiku, na ninajua wanapiga vita kitu cha kweli wanapokataza watoto kuchezea giza. Ila mwimbaji wa wimbo huu hachezei. Anaogopa sawasawa na wanavyofundisha mtu aogope.

Sauti ya Ozzy inastahili neno pia. Haikuwa sauti kubwa wala yenye mapambo. Ni nyembamba, imepanda puani kidogo, inafuata mstari wa wimbo bila ujanja. Mwimbaji hodari zaidi angeuharibu wimbo huu, kwa sababu umahiri ungetuambia kwamba ana uwezo wa kujiokoa. Yeye anasikika kama kijana wa kawaida wa mtaani aliyekutana na jambo lisilo saizi yake. Muziki wetu wa dansi unakijua kifo vizuri. Remmy Ongala alikiimba kwa jina, akakisema mbele ya watu waliokuja kucheza. Lakini Remmy alisimama na kifo kama mtu mzima anayemshtaki mwenzake hadharani. Ozzy hana cha kushtaki wala mbele ya nani. Anauliza tu ni nini hiki.

Dansi hiyohiyo ndiyo inayotupa ufunguo wa sehemu ya mwisho. Waliokulia kwenye rumba wanaijua njia: wimbo unaanza polepole, waimbaji wanasimulia kisa beti kwa beti, kisha solo linabadilika, drams zinakaza, na waliokuwa wameketi wanainuka. Tunaita chemko, Wakongo wanasema sebene. Ukilileta mapema, kisa kimekosa uzito; ukilichelewesha kupita kiasi, watu wamepoa. Black Sabbath wanakwenda njia hiyohiyo. Baada ya zaidi ya dakika nne za kutambaa, gitaa linabadilika ghafla na wimbo unaanza kukimbia, drams zikipiga mbio, besi ikifukuzia nyuma. Mwili wa mtu wa dansi unaitika papo hapo. Miguu inajua cha kufanya.

Kisha maneno yanaingia tena, na mtu anauliza kama huu ndio mwisho, na watu wanakimbia kwa woga. Hapo ndipo ninapouvulia kofia ujenzi huu. Chemko letu ni malipo: umesikiliza shida ya mwimbaji kwa dakika nne, sasa itoe mwilini kwa kucheza. Hapa mbio zinakuja na mwili unazipokea kwa furaha, lakini kisa kinakataa kubadilika. Ulichokuwa ukikitazama kwa mbali sasa unakifanya wewe mwenyewe, unakimbia pamoja nao. Iommi anaingia na solo, na katika wimbo mwingine wowote solo lingekuwa mahali pa kung'ara. Hapa linakata huku na huko ndani ya mbio zilezile mpaka wimbo unapokatika. Haurudi kwenye mvua. Hauelezi kama aliyekimbia alipona. Sijui wimbo mwingine wa roki wa enzi hizo uliotumia furaha ya mwendo kwa ukali namna hii.

Wala tusidhani kwamba muziki wa aina hii haujawahi kuishi jirani nasi. Zambia, miaka ya 1970, bendi kama WITCH na Amanaz zilichukua magitaa mazito ya Kiingereza zikayafanya ya kwao, na leo muziki huo unajulikana duniani kwa jina la Zamrock. Vijana wa mgodini na wa mijini kule Copperbelt, eneo la migodi ya shaba, hawakuomba ruhusa ya mtu kuupenda. Walisikia ndani yake kitu kilichofanana na maisha yao, wakakichukua.

Kwa anayetaka kujaribu, ombi langu ni moja la kiufundi. Usiusikilize kwa spika ya simu. Besi ya Butler inapotea yote, na bila besi noti zile tatu zinabaki mifupa. Tafuta sabufa nzuri au spika za masikioni, na usiruke ile mvua ya mwanzo ili kuokoa bando. Kama unaweza, usikilize usiku ambapo ziwa limetulia. Radi ya kweli nje ingekuwa nyingi mno, na ingeufunika mnong'ono wa gitaa kwenye beti.

Tarehe 5 Julai 2025 wanne wa Black Sabbath walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho, Villa Park, uwanja ulioko mtaani kwao Aston. Walipiga nyimbo nne, na huu haukuwamo. Wapo mashabiki waliosikitika. Mimi naona mahali pake halisi ni pale ulipowekwa mwaka 1970, mwanzoni mwa upande wa kwanza wa santuri, kabla msikilizaji hajajua anasikiliza watu wa namna gani. Ukiutoa hapo na kuuweka katikati ya tamasha lenye shangwe, unaondoa nusu ya kazi yake.

Na kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi wimbo wa pili unapoanza. Unaitwa The Wizard, na unaanza kwa Ozzy kupiga harmonika, wimbo wenye mizizi ya bluzi, mwepesi kiasi, ambao bendi nyingi za Uingereza wakati huo zingeweza kuutunga. Ukiusikiliza peke yake ni mzuri tu. Ukiusikiliza baada ya Black Sabbath, harmonika ile inasikika kama sauti ya kwanza ya binadamu mwenye amani tangu albamu ianze, na drams za Ward, zilizokuwa zimetunyima mdundo wa kushika, zinaturudishia mdundo uliokamilika.